Nani Anashika Mizani? Kusoma Kitabu cha Aya Kimura Kuhusu Chakula Baada ya Fukushima

Jina la kitabu hiki lina tusi ndani yake. Radiation Brain Moms and Citizen Scientists, kilichoandikwa na Aya Hirata Kimura na kuchapishwa na Duke University Press mwaka 2016, kimeazima maneno waliyorushiwa kina mama wa Japani baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima. Mama akiuliza shuleni maziwa ya watoto yametoka wapi, anaambiwa ana "ubongo wa mionzi". Yaani mionzi imemwingia kichwani kabla haijaingia kwenye chakula. Maskini, hajui sayansi, ana wasiwasi, amesoma vitu kwenye intaneti. Mpeni maji anywe, atulie.

Nilikitafuta kitabu hiki kwa sababu ya Uyombo. Kwa miaka kadhaa serikali yetu imekuwa ikiitaja Kilifi kama mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, cha megawati 1,000. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kijiji cha wavuvi karibu na Mida Creek, waliandamana kukipinga, polisi wakawatawanya. Baadaye mazungumzo yakasogea hadi Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Katika mabishano yote hayo nimesikia mengi juu ya umeme na ajira, na mengi juu ya mlipuko. Swali la jikoni sijalisikia: siku mambo yakiharibika, nani atampimia mama samaki wake? Kimura, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Hawaii, amelichukua swali hilo na kuliandikia kitabu kizima. Nakubaliana naye kwa mengi. Kuna sehemu moja kubwa ambapo nadhani amekosea, na ndiyo inayotuhusu zaidi.

Tuanze na yaliyotokea. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi na tsunami vilikikumba kituo cha Fukushima Daiichi, na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Upepo na mvua vilisambaza iodini 131, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku nane, pamoja na siziamu 134 na 137. Hii 137 ndiyo mgeni asiyeaga: inahitaji miaka 30 kupungua nusu. Siku sita baada ya tetemeko serikali iliweka kikomo cha muda cha bekereli 500 za siziamu kwa kilo moja ya nafaka, mboga, nyama au samaki. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Aprili 2012 kikomo kikashushwa hadi 100 kwa chakula cha kawaida, na 50 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga. Sasa wewe jiweke mahali pa mama aliyekuwa akipika kila siku. Kama 100 ndiyo salama, mwaka mzima uliopita tulikuwa tunakula nini?

Ni swali la haki kabisa. Kimura anaonyesha lilivyozimwa, na sura zake za kwanza ndizo nzuri kuliko zote. Anazungumzia upolisi wa chakula, na polisi wenyewe hawabebi rungu. Ni mwalimu, jirani, mume, mama mkwe, mtaalamu wa televisheni. Neno rasmi la kuwanyamazisha watu lilikuwa fūhyō higai, yaani hasara inayoletwa na uvumi. Kwa hesabu hiyo, anayemuumiza mkulima wa Fukushima si kampuni ya umeme ambayo mionzi yake iliangukia shamba lake. Ni mama wa Tokyo aliyekataa kununua matango. Wizara ya kilimo ikaanzisha kampeni ya kula ili kuwasaidia waliokumbwa na janga, na sahani ya chakula ikageuka bendera. Ukila, wewe mzalendo. Ukiuliza, wewe msaliti, tena mjinga.

Lakini wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Julai 2011 iligundulika kwamba nyama ya ng'ombe waliolishwa mabua ya mpunga yenye siziamu ilikuwa imeshauzwa katika sehemu nyingi za Japani. Oktoba mwaka huohuo gavana wa Fukushima akatangaza kwamba mchele wa mkoa wake ni salama. Mwezi uliofuata mchele wa Onami, eneo lililo ndani ya jiji la Fukushima, ukakutwa na bekereli 630 kwa kilo. Na haukukutwa na mkaguzi wa serikali. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeomba chama chao cha ushirika kimpimie. Nasisitiza hili la mkulima kwa sababu mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama vita kati ya mlaji na mkulima, mama wa mjini dhidi ya baba wa shambani. Pale Onami wote wawili walikuwa upande mmoja wa mizani, wakitaka kujua.

Ndipo wananchi wakaanza kununua mashine zao wenyewe. Huko Iwaki, mji wa pwani kusini mwa kituo cha Daiichi, kina mama walifungua kituo cha kupimia mnamo Novemba 2011 na kukiita Tarachine, neno la zamani la ushairi wa Kijapani linaloambatana na mama. Vituo kama hicho viliota sehemu nyingi za nchi, vingine ndani ya maduka, vingine kwenye vyumba vya kukodi, kwa pesa za michango.

Kazi yenyewe inataka uvumilivu. Ukileta uyoga, unaukatakata, unaujaza kwenye chombo cha lita moja hivi, unapima uzito wake, unauweka katikati ya kuta nene za risasi, risasi ile ya madini, ili mionzi ya nje isichanganyike na ya uyoga. Halafu unangoja. Nusu saa, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Kale kamashine ka mkononi kanakolia tiktik ukikapitisha juu ya tango hakafai kwa kazi hii. Hata mashine kubwa inaweza kumdanganya asiyeijua. Potasiamu 40 imo kwenye ndizi na maharagwe yote duniani, imekuwemo tangu hapo, na ni lazima uitenganishe na siziamu. Tena kila mashine ina kiwango ambacho chini yake haioni kitu, kwa hiyo "haikuonekana" kwenye cheti haina maana ya "hakuna". Watu wa kawaida, wengi wao wanawake, walijifunza haya yote. Baadaye Tarachine walifika mbali zaidi, wakawa wanapima strontiamu na tritiamu, kazi ngumu inayohitaji kemia ya maabara.

Hapa ndipo Kimura anapoweka hoja yake kuu, na ni hoja kali. Anasema vituo vingi vilijieleza kuwa havina siasa. Sisi tunapima tu, hatumpingi mtu. Sababu zao zinaeleweka. Mkulima na mama wote wawili walete sampuli bila kuogopa. Na zaidi ya hapo, mwanamke aliyekwisha kuitwa mwenye ubongo wa mionzi huona namba kama ngao: hamwezi kusema ni hisia zangu, mashine imesema. Lakini ngao hiyo ina bei yake. Maswali ya nani alichafua, nani alipe na kwa nini tuna vinu hivi yanasagwa mpaka yanabaki swali moja dogo: bekereli ngapi? Jibu la swali hilo likishuka mwaka hadi mwaka, watu wanaacha kuleta sampuli, pesa za umeme na matengenezo zinakosekana, kituo kinafunga mlango. Mashine iliyonunuliwa kumdai mkubwa inaishia kuthibitisha kwamba yaliyopita si ndwele. Wakati huohuo serikali inapumzika, maana raia wamejitwika kazi yake bila malipo.

Historia ya Japani yenyewe inampa Kimura nguvu. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa meli ya Daigo Fukuryū Maru. Jodari waliochafuliwa walitupwa, masoko ya samaki yakatikisika. Wanawake wa mtaa wa Suginami mjini Tokyo walianza na samaki huyo wa mezani, wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini dhidi ya mabomu ya haidrojeni. Kufikia mwaka 1955 saini za nchi nzima zilipita milioni 30. Hawakuwa na mashine zao, lakini walijua wanamwambia nani na wanataka nini. Ukiwaweka kando ya mama wa mwaka 2012 anayesubiri cheti cha uyoga wake, unaweza kuona kwa nini Kimura anahuzunika. Safari ya 1954 ilitoka kwenye samaki ikafika kwenye siasa. Hii nyingine ilitoka kwenye siasa ikaishia kwenye samaki.

Lakini ngoja kwanza. Hivi kupima kunamaliza siasa kweli? Au Kimura amefunga hesabu mapema?

Tazama Ufaransa. Baada ya Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986, wizara ya kilimo ya huko ilitangaza mapema Mei kwamba nchi imesalimika kwa sababu iko mbali. Michèle Rivasi, mwalimu wa biolojia, akaungana na wenzake wakaanzisha maabara huru, CRIIRAD, mwaka huohuo. Walipima maziwa, uyoga, udongo. Namba zao ziliwabana wakubwa kwa miaka mingi, na Rivasi mwenyewe akaja kuwa mbunge, kwanza wa Ufaransa kisha wa Ulaya, hadi alipofariki mwaka 2023. Kupima hakukumtoa kwenye siasa. Kulimwingiza.

Au tazama Belarus, nchi iliyoangukiwa na mavumbi mengi ya Chernobyl kuliko zote. Vasily Nesterenko alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya nishati ya nyuklia, mtu wa mfumo kabisa, akaondolewa cheo baada ya kusema yasiyotakiwa. Mwaka 1990 akaanzisha taasisi huru ya BELRAD, na katika miaka ya tisini kukawa na vituo zaidi ya 300 vijijini ambako mwanakijiji angeweza kuleta maziwa ya ng'ombe wake yapimwe. Viliendeshwa na watu wa hapohapo. Vilipunguzwa baadaye, pesa zilipokauka na serikali ilipochoka kusikia habari zile. Wewe niambie: kama namba hazina siasa, kwa nini mwenye nguvu anazichukia?

Kuna na jambo la wakati. Kitabu cha Kimura kilitoka miaka mitano tu baada ya ajali. Hakuweza kuona kilichofuata. Vituo vilivyobaki vilikuwa vimeungana na kuweka matokeo yao pamoja chini ya jina Minna no Data Site, maana yake data ya watu wote. Wananchi wapatao 4,000 wakachota udongo katika sehemu 3,400 za mikoa 17, kwa njia moja iliyokubaliwa, na mwaka 2018 wakachapisha kitabu cha ramani. Si kila serikali ya mkoa iliyokuwa imefanya kazi kama hiyo. Ramani ile haina kaulimbiu. Haina ngumi iliyoinuliwa. Lakini mtu akikuambia mionzi iliishia kwenye mpaka wa mkoa wa Fukushima, unaifungua mbele yake. Na kina mama wa Tarachine hawakufunga mlango. Agosti 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa kutoka Daiichi, walikuwa bado wanapima maji ya bahari ileile. Hilo la kubaki mahali, mwaka baada ya mwaka, wakati kamera zimeondoka, Kimura halipi uzito wa kutosha. Anatafuta siasa kwenye maneno ya watu. Nyingine imelala kwenye daftari lao.

Tusimwonee, lakini. Onyo lake bado linauma pale anapoonyesha jinsi kupima kunavyoweza kutekwa. Huko Belarus, tangu mwaka 1996, wataalamu kutoka Ufaransa waliendesha mradi ulioitwa ETHOS, wakiwafundisha wanakijiji kupima chakula chao na kupanga maisha yao humohumo kwenye mionzi. Baada ya 2011 wazo hilo likahamia Fukushima. Kimura ameliandikia makala nyingine baadaye. Mashine ni ileile, uyoga ni uleule, lakini ujumbe umegeuka: sasa unajua kupima, basi usalama ni juu yako. Mtoto akila kisichofaa, mama hakuwa makini. Huyu mama hakujenga kinu, hakukimiliki, hakupata gawio lake hata siku moja, na mwisho wa siku ndiye anayeulizwa.

Na kuna ujanja wa wastani. Kate Brown, katika kitabu chake Manual for Survival cha mwaka 2019, anaeleza biashara ya matunda ya msituni kaskazini mwa Ukraine. Wanawake na watoto huyachuma, wanunuzi huyapima, na yale yenye mionzi mingi huchanganywa na yenye mionzi kidogo mpaka kapu zima lipite kikomo. Kila mtu amepima. Karatasi zote ziko sawa. Anayeyala huko Ulaya hajui, na aliyeyachuma amelipwa senti. Ukisoma sura hiyo unaelewa kwamba mizani peke yake haisemi ukweli. Inategemea nani ameishika na nani anaruhusiwa kusoma daftari.

Kuhusu uandishi, Kimura ni msomi anayeandikia wasomi. Nadharia zake za uliberali mamboleo na ufeministi zinakaa mbele ya mlango, na mara nyingi unapoanza kumsikia mama anaongea, nadharia inamkatiza. Nilijikuta nikimkumbuka Svetlana Alexievich, ambaye kitabu chake cha sauti za Chernobyl kilitoka mwaka 1997 na aliyepewa Nobeli mwaka 2015. Yeye anawaachia watu waongee mpaka wachoke. Nesterenko mwenyewe yumo, akieleza alivyohangaika kuwapigia wakubwa simu. Ukimaliza Alexievich unajua hofu ina ladha gani, lakini hujui maziwa yalikuwa na bekereli ngapi. Ukimaliza Kimura unajua vikomo, kampeni na mashirika, lakini huwezi kumkumbuka mama mmoja kwa uso. Hilo ni pungufu kubwa kwa kitabu kinachotetea wanawake walioambiwa waongee kwa namba tu. Mkulima naye amepewa nafasi ndogo mno. Kuanzia mavuno ya 2012 Fukushima ilipima kila gunia la mchele, magunia kama milioni 10 kwa mwaka, na tangu mavuno ya 2015 hakuna lililozidi kikomo. Kuna hadithi ya jasho hapo, ya watu waliomwaga potasiamu mashambani ili mpunga usinyonye siziamu, na kitabu hiki kinaipita kama gari la usiku.

Pamoja na hayo, ningependa kitabu hiki kisomwe Kilifi na Siaya kabla ya Fukushima kuwa hadithi ya wazee. Sisi tuna bahati ambayo Wajapani hawakuwa nayo: hatujajenga. Tangu sheria ya mwaka 2019 tuna mamlaka ya kudhibiti nyuklia, lakini Kimura ametuonyesha kwamba kuwa na mamlaka na kuaminiwa ni mambo mawili. Mtu wa Uyombo aliyetawanywa na polisi kwa kuuliza swali kabla ya kinu hawezi kuamini cheti cha samaki baada ya kinu. Tayari ameshaitwa mpinga maendeleo, ambalo ndilo tusi letu la ubongo wa mionzi.

Jambo la kwanza ambalo lingefaa kufanywa ni dogo na halihitaji kungoja ajali. Pwani yetu ina mionzi yake ya asili. Kilima cha Mrima kule Kwale kinajulikana kwa thoriamu iliyomo ardhini. Siziamu nayo ilishaangukia dunia nzima kidogo kidogo kutokana na majaribio ya mabomu ya karne iliyopita. Bila kujua leo kuna nini kwenye udongo, kwenye chaza wa mikokoni, kwenye dagaa wa ziwa na kwenye maziwa ya mbuzi, namba yoyote ya kesho haitakuwa na cha kulinganishwa nacho, na mwenye kinu atasema ilikuwepo tangu zamani. Hesabu hiyo ya mwanzo ichukuliwe mbele ya wanakijiji, nakala zibaki kijijini, na mashine moja iwe mahali ambapo mvuvi anaweza kufika na kapu lake bila kuandika barua kwa mtu. Na chini ya kila cheti liandikwe jina la atakayelipa namba ikipanda. Hilo la mwisho ndilo Kimura analolia nalo kitabu kizima, na ndilo ambalo mashine, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kumpimia mama.